Kuamsha Tarakilishi kupitia Mtandao: Dhana, Hatua na Nafasi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Tuseme chuo kimepata tarakilishi 40 za maabara, na kila moja inahitaji mfumo endeshi kabla ya wanafunzi kuitumia. Fundi mwenye diski moja ya usakinishaji, akitumia saa moja kwa kila mashine, atahitaji saa 40, yaani takribani juma zima la kazi. Isitoshe, huenda mashine ya mwisho isifanane na ya kwanza, kwa kuwa mkono wa binadamu huchoka na kusahau. Njia mbadala ni kuzifanya tarakilishi zenyewe zichukue mfumo endeshi kutoka kwa seva moja kupitia waya wa mtandao. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyofanyika hatua kwa hatua, kisha yanadokeza nafasi ya Kiswahili katika kazi hiyo.

2.0 Istilahi za Msingi

Katika mazungumzo ya kila siku, neno "kuwasha" hutumiwa kwa mambo mawili: kupeleka umeme kwenye mashine, na kuufanya mfumo endeshi uanze kazi. Mambo haya hayalingani. Mashine inaweza kuwaka taa zote na bado isiwe na la kufanya. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia "kuwasha" kwa maana ya umeme pekee, na "kuamsha" kwa maana ya kuufikisha mfumo endeshi kwenye kumbukumbu ya muda na kuuanzisha.

Neno la pili ni "kusakinisha". Mzizi wake ni ule ule wa "sakini", yaani kukaa mahali, na una undugu na "maskani". Kusakinisha programu basi ni kuipa makao kwenye diski ya mashine. Tofauti hii ni muhimu, kwa kuwa tarakilishi inaweza kuamshwa kupitia mtandao bila chochote kusakinishwa ndani yake. Mfumo huja kama mgeni, na mashine ikizimwa, hautabaki.

3.0 Historia kwa Ufupi

Fikra hii si ngeni. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na tarakilishi za kazi zisizo na diski, kwa kuwa diski zilikuwa ghali. Itifaki ya TFTP ya kuhamisha faili ilielezwa katika hati ya kiufundi ya 1981. BOOTP, iliyoiwezesha mashine kuuliza anwani yake na mahali pa faili ya kuamshia, ilifuata mwaka wa 1985. DHCP, iliyopanua BOOTP, ilitokea mwaka wa 1993. Mwaka wa 1999 kampuni ya Intel ilitoa toleo la 2.1 la PXE, kanuni zinazounganisha itifaki hizo ili kadi za mtandao za watengenezaji mbalimbali zifuate utaratibu mmoja. Mwaka huo huo ulianza mradi wa LTSP, unaowezesha tarakilishi zisizo na diski kutumia Linux kutoka kwa seva, na ambao umetumiwa katika shule nyingi.

4.0 Hatua za Kuamsha

Hatua ya kwanza hutokea ndani ya mashine. Umeme ukifika, programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye ubao mkuu hukagua vifaa, kisha hufuata orodha ya mahali pa kutafuta mfumo endeshi: diski, kifaa cha USB, au mtandao. Mtandao ukiwa wa kwanza katika orodha, kazi hukabidhiwa programu ya PXE.

Hatua ya pili ni kupiga hodi. Mashine bado haina anwani wala haijui nani yuko mtandaoni, kwa hivyo hutangaza ujumbe kwa wote, ikijitambulisha kwa nambari ya kadi yake ya mtandao na kusema kwamba inahitaji kuamshwa. Seva ya DHCP hujibu kwa kupendekeza anwani, mashine huiomba rasmi, na seva huthibitisha. Pamoja na anwani, mashine huelezwa mambo mawili: seva yenye faili ya kuamshia, na jina la faili hiyo. Iwapo kifaa kinachogawa anwani hakiwezi kurekebishwa, seva nyingine inaweza kuongezwa ili itoe maelezo hayo mawili pekee bila kugusa ugawaji wa anwani.

Hatua ya tatu ni kupakua faili hiyo kwa TFTP. Itifaki hii ni nyepesi mno, na ndiyo maana inatosha ndani ya chipu ndogo. Hata hivyo, wepesi huo una gharama. Kwa kawaida yake ya asili, TFTP hutuma vipande vya baiti 512 na kusubiri kila kimoja kikubaliwe kabla ya kutuma kinachofuata. Faili ya megabaiti 50 ina vipande takribani 100,000. Baadaye yaliongezwa makubaliano yanayoruhusu vipande vikubwa zaidi, lakini bado inafaa TFTP iachiwe faili ndogo, na mizigo mizito ibebwe na HTTP.

Hatua ya nne, programu iliyopakuliwa, kwa mfano PXELINUX, husoma faili ya maelekezo. PXELINUX hutafuta faili yenye nambari ya kadi ya mashine husika, kisha inayolingana na anwani yake, na hatimaye ile ya wote. Kwa utaratibu huu, mashine ya mwalimu inaweza kupewa maelekezo tofauti na za wanafunzi. Baada ya hapo, kiini cha mfumo endeshi pamoja na mfumo mdogo wa faili za mwanzo hupakuliwa, na kiini huanza kazi.

5.0 Kutoka Kuamsha hadi Kusakinisha

Hapo njia hugawanyika. Katika maabara isiyo na diski, kiini huendelea kusoma faili zake kutoka kwa seva. Katika usakinishaji, kinachoamka ni programu ya kusakinisha. Programu hii huwa na maswali mengi: lugha, saa za eneo, ugawaji wa diski, nywila. Kuyajibu mara 40 kungerudisha uchovu ule ule. Kwa hivyo majibu huandikwa mapema katika faili moja; Red Hat huuita utaratibu huo Kickstart, na Debian huuita preseed.

Uwezo wa mtandao nao hupimwa mapema. Mashine 40 zikipakua gigabaiti 2 kila moja, seva itatoa gigabaiti 80. Kwa waya wa megabiti 100 kwa sekunde, kazi hiyo haiwezi kukamilika chini ya saa moja na dakika 46. Kwa waya wa gigabiti 1, dakika 11 zaweza kutosha, mradi diski ya seva isichelewe.

6.0 Hatari na Tahadhari

Hatari kubwa huzaliwa na urahisi wenyewe. Iwapo mtandao ni wa kwanza katika orodha ya kila mashine, na chaguo la kawaida la menyu ni kusakinisha, mashine itakayomaliza na kujizima ili kuanza upya itasakinishwa tena bila kikomo. Lililo baya zaidi ni kwamba mashine yenye tasnifu ya mtu, ikichomekwa kwenye mtandao huo na kuwashwa, inaweza kufutwa bila swali lolote. Kwa hivyo chaguo la kawaida sharti liwe kuamka kutoka kwenye diski, na kusakinisha kuhitaji uamuzi wa makusudi.

Aidha, TFTP haina nywila, na mashine inayopiga hodi haina njia ya kumjua mwenyeji wa kweli. Seva nyingine ikijibu, mashine inaweza kuifuata. Inashauriwa basi kazi hii ifanyiwe katika mtandao uliotengwa, na nywila zisiachwe wazi katika faili ya majibu. Katika mashine zenye UEFI, ukaguzi wa sahihi za programu husaidia kuzuia faili zisizoaminika. Ikumbukwe pia kwamba faili ya kuamshia ya mashine za BIOS haifanyi kazi katika UEFI. Seva lazima itofautishe.

7.0 Nafasi ya Kiswahili

Menyu ya PXELINUX ni faili ya maandishi ya kawaida. Yeyote anayesimamia maabara anaweza kuiandika kwa Kiswahili bila kubadilisha programu. Fauka ya haya, alfabeti ya Kiswahili haina herufi za alama maalumu, kwa hivyo maneno yake huonekana sawasawa hata kwenye skrini ya awali isiyo na fonti za ziada. Mstari usemao "Sakinisha upya: faili zote zitafutwa" unaweza kumwokolea mwanafunzi kazi ya miezi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilionyesha mwaka wa 2004 kwa Jambo OpenOffice kwamba programu kubwa inaweza kuzungumza Kiswahili. Menyu ya mistari mitano ni kazi nyepesi zaidi ya hiyo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuamsha tarakilishi kupitia mtandao ni mfuatano wa maswali na majibu: mashine huuliza anwani, faili, maelekezo na hatimaye mfumo. Yameonyesha pia kwamba kutenganisha "kuwasha", "kuamsha" na "kusakinisha" si pambo la lugha. Mtu asiyezitofautisha hatua hizi hawezi kujua kosa limetokea wapi, na huenda akafuta alichokusudia kuamsha tu. Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa Kiswahili na wale wa sayansi ya tarakilishi washirikiane kuandika menyu na miongozo ya maabara zao, kwa kuwa istilahi hukomaa inapotumika kazini.