Elimu kwa Wavuvi: Kuokoa Petroli Ziwani

Kwa wavuvi wa Bukoba na Muleba waendao hadi kisiwa cha Goziba, petroli ni gharama ambayo kwa kawaida hutolewa kabla ya mgao. Kila lita iokolewayo huongeza fungu la mvuvi.

Msingi wake ni huu: mwendo ukiongezwa mara mbili, ukinzani wa maji huongezeka takribani mara nne. Hivyo, kupunguza mwendo kidogo huokoa mafuta mengi.

Wavuvi wanashauriwa kusugua mwani chini ya mtumbwi, kupanga nyavu na mzigo kwa usawa, na kubadilisha propela iliyopinda. Mafuta yanayobaki ni akiba ya kurejea mwaloni salama endapo upepo utachafuka.