Mpangilio wa Ukurasa na Vichwa vya Habari katika Tovuti ya Halmashauri

Kiolezo cha tovuti ni ukurasa ambao mgawanyo wake umekwisha kufanywa, ukabaki kujazwa. Tovuti za halmashauri za Tanzania zimejengwa hivyo. Juu hukaa nembo na jina la halmashauri, hufuata menyu na picha kubwa, kisha safu za habari, matangazo na viunganishi. Mfanano huo ulikusudiwa: tovuti za mikoa na halmashauri zilizinduliwa mwaka 2017 kwa ushirikiano wa TAMISEMI, mradi wa kuimarisha mifumo ya sekta za umma (PS3) na Wakala ya Serikali Mtandao, ambayo kwa sheria ya mwaka 2019 ilipata kuwa Mamlaka. Aliyezoea tovuti ya Handeni hapotei akifungua ya Korogwe.

Kiolezo cha aina hii hufunga mambo machache, kama nembo na jina, na kuacha mengi mikononi mwa ofisa habari na ofisa TEHAMA: habari ipi itangulie, picha ipi iwekwe, kichwa kiandikwe vipi.

Mpangilio unaopendeza kwenye kompyuta ya ofisini hubadilika kwenye simu. Safu tatu zilizokaa sambamba hushuka na kupangana moja chini ya nyingine, na mara nyingi safu ya kulia huwa ya mwisho. Mkazi wa Sindeni, kata iliyo kwenye barabara ya kutoka Handeni kwenda Korogwe, akitafuta tangazo lililowekwa kulia, hulazimika kwanza kupita picha za mikutano na salamu za viongozi, huku bando likiliwa. Kwa hiyo tangazo lenye tarehe ya mwisho lastahili kuwekwa kwenye safu inayotangulia, na ukurasa ujaribiwe kwenye simu ya kawaida kabla ya kurushwa hewani.

Kichwa cha habari kinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa kwenye orodha ya matangazo ndicho pekee kinachoonekana. Mfano mzuri ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kichwa "TANGAZO KWA UMMA" hakimwambii mwanakikundi yeyote kwamba habari ni yake. "Mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu: mwisho wa maombi 30 Juni" humtaja mhusika, jambo lenyewe na siku. Maneno yenye uzito yatangulie, maana simu hukata kichwa kirefu mwishoni. Herufi kubwa tupu huchosha macho. Zitumike mwanzoni mwa sentensi na kwenye majina.

Ndani ya habari, vichwa vidogo huwekwa kwa kitufe cha ngazi ya kichwa, si kwa kukoleza wino tu. Tofauti haionekani kwa macho, lakini programu inayomsomea asiyeona huruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa kufuata ngazi hizo. Maneno yaliyokolezwa huyapita kama aya nyingine yoyote. Vivyo hivyo, barua iliyoskaniwa na kubandikwa kama picha haisomeki kwa programu hiyo wala haipatikani kwa kutafuta. Maandishi yake huchapwa upya kwenye ukurasa, na barua yenye mhuri huambatishwa chini kwa anayetaka kuipakua.