*RAMADHANI 14: MGENI WA MWALONI*

Ndugu zangu waumini wa Nkome,

Mwezi umejaa. Wavuvi wa dagaa wanajua maana yake: mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa na mitumbwi inalala. Mwenyeji ana shamba la mihogo na ana shangazi. Kijana aliyetoka Kigoma au Ukerewe hana. Amefunga kama wewe, lakini hajui magharibi atafuturu wapi.

Tuambiane ukweli: wengi wetu hapa ni wa kuja, au wazazi wetu walikuja. Sensa ya 2012 ilihesabu watu kama milioni 1.7 mkoani Geita. Ya 2022 ilikuta karibu milioni 3. Uzazi umo, lakini dhahabu na samaki pia vimevuta wengi. Ndiyo maana tunasikia, "Wakuja wametuletea maisha magumu, hata vyumba vimepanda." Sawa, lakini kodi hiyo anaipokea nani? Nani anamuungisha mama ntilie? Nani anavuta nyavu usiku kucha?

Turudi Madina. Muhajirina walifika mikono mitupu. Mtume (S.A.W.) akamuunga undugu Abdurrahman bin Auf na Saad bin Rabii. Saad akajitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamuombea baraka, kisha akauliza soko liko wapi. Akaanza kuuza samli na jibini, na haukupita muda akaoa.

*Tunajifunza nini?*

Mwenyeji alifungua mkono, mgeni hakubweteka. Kimoja kikikosekana, umaskini unabaki palepale.

Tajiri wa mtumbwi anayemzungusha kibarua mgawo wake kwa kuwa hana ndugu wa kumtetea, huo ufukara hakuuleta mgeni. Ameutengeneza yeye. Na kibarua anayekopa kwa tajiri kisha akatorokea mwalo mwingine, anamfungia mlango mwenzake atakayekuja kesho.

Tusisahau pia kwamba msafiri aliyeharibikiwa ni mmoja wa wale wanane wanaostahiki zaka.

*Kazi ya leo:*
1. Futari ikiiva, sahani moja iende mwaloni.
2. Unadaiwa na kibarua? Mlipe kabla ya tarawehe.
3. Wewe mgeni, ukipewa kazi, itunze kama amana.

Ewe Mola, tujaalie wenyeji wakarimu na wageni waaminifu, na utupe riziki ya halali. Aamiin.

_Mtumie na mwenzako._