Somo la Wiki: Simu Zaitikisa Nintendo
Februari 2011 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine ya michezo ya mkononi, 3DS, kwa yeni 25,000. Wanunuzi walisita, Agosti bei ikashushwa hadi yeni 15,000. Michezo ya simu iliuzwa kwa chini ya dola moja, mingine bure.

Julai 2016 ulipotoka mchezo wa simu, Pokémon GO, bei ya hisa za Nintendo ilipanda zaidi ya maradufu. Wenye pupa hawakuuliza mchezo ni wa nani. Mtengenezaji alikuwa Niantic; Nintendo ilimiliki asilimia 32 tu ya kampuni ya Pokémon. Ijumaa tarehe 22 yenyewe ikatangaza kwamba faida haitaongezeka sana. Jumatatu hisa zilianguka karibu asilimia 18.