Ukiambiwa Dawa ya Malaria Inaponya Saratani

Ukifanya kazi EPZ Athi River, huenda umepita karibu na artemisinini bila kujua. Botanical Extracts EPZ ilijenga kiwanda huko cha kuitoa kwenye majani ya artemisia, itumike kutengeneza dawa mseto za malaria. Sasa utasikia kwamba inaua saratani pia. Kama una mgonjwa nyumbani, uliza maswali kabla hujatoa pesa.

Imejaribiwa wapi? Artemisinini huamshwa na madini ya chuma. Seli nyingi za saratani huvuta chuma kwa pupa kupitia transferini, protini ya damu inayokibeba. Kwa hiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliiunganisha artemisinini na transferini ili ziingie pamoja ndani ya seli. Maabarani, seli za saratani zilikufa. Lakini seli za maabarani hazina ini wala figo za kulindwa. Mgonjwa wako anavyo.

Imejaribiwa kwa watu wangapi? London, wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana walipewa artesunate, dawa inayotokana na artemisinini, kabla ya upasuaji. Matokeo ya 2015 yalitia moyo, ila wagonjwa hawakufika 30. Hiyo ni sababu nzuri ya kuendelea kutafiti. Si sababu ya kununua poda ya artemisia badala ya kwenda kemo.

Wazo la kutumia protini za damu si ndoto. Paklitaxeli, dawa ya saratani, iliyofungwa kwenye albumini, protini nyingine ya damu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2005, baada ya kujaribiwa kwa mamia ya wagonjwa. Subiri ushahidi wa namna hiyo.

Usimfiche daktari chochote. Dawa nyingi husafiri damuni zimeshikwa na albumini. Albumini ikishuka, kwa mfano ini likiugua, nguvu ya baadhi ya dawa hubadilika. Piga picha kila chupa na kila pakiti, hata ya mitishamba, umwonyeshe kwenye simu.

Tarehe ya kemo ikigongana na shifti, omba ruhusa mapema. Usiruke kemo.

Na mgonjwa akialikwa kwenye utafiti, taka kuona kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu na cha kamati ya maadili. Soma fomu ya ridhaa kwa lugha unayoielewa. Mkidaiwa pesa ili ajaribiwe dawa, ondokeni.