Spana mbili na gogo la mnazi: kufungua gurudumu la mbele la pikipiki nyumbani

Kati ya magurudumu mawili ya pikipiki, la mbele ndilo jepesi kufungua. Halina mnyororo wala sproketi. Hata hivyo, huku Mkongani, Kwale, pancha ya mbele ikiingia usiku, wengi husubiri kuche ndipo waisukume pikipiki hadi kwa fundi, na tairi bapa likiburuzwa juu ya mawe ya barabara ya vumbi huikata tyubu mpaka isiweze kuzibwa tena. Pancha ya shilingi chache inageuka tyubu mpya. Vifaa vya kuepuka hasara hiyo ni vichache kuliko vile muuza vifaa atakavyokuonyesha.

Kwanza spana, na ziwe mbili. Ekseli ya mbele ina kichwa upande mmoja na nati upande wa pili. Ukizungusha nati peke yake, ekseli nzima itazunguka nayo na hutafika popote. Spana moja inashika kichwa, ya pili inafungua nati. Kwa pikipiki ndogo tunazoendesha huku, Boxer, TVS na zile za Kichina, saizi mara nyingi huwa kati ya 14 na 19, na si lazima kichwa na nati vilingane. Kwa hiyo usinunue kwa kukisia wala kwa kuambiwa na jirani mwenye pikipiki ya aina nyingine. Siku unayoshuka Kwale mjini au Ukunda, simamisha pikipiki mlangoni pa duka la spea, omba spana ijaribiwe pale pale kwenye nati, na ununue ile inayokaa bila kucheza. Chagua ya ringi, inayoizunguka nati yote, kuliko ya mdomo wazi.

Spana malaya iache kwa kazi za bomba la maji. Inaishika nati kwa pande mbili tu, na mdomo wake hulegea kila unapoongeza nguvu. Nati ikishapoteza kona zake, hata spana nzuri haitaifaa tena, na hapo ndipo watu huanza kuipiga patasi. Zile spana nyembamba zinazokuja na pikipiki chini ya kiti nazo ni za kukuokoa njiani tu.

Cha pili ni kitu cha kuiinua pikipiki, na hapa ndipo panapoumiza watu. Stendi kubwa peke yake haitoshi: gurudumu la mbele likishatoka uzito unabadilika, na pikipiki inaweza kuinamia mbele ikakaa juu ya foku zake, au juu ya mkono wako. Weka tegemeo chini ya injini. Kreti ya soda iliyo nzima inafaa, na vipande vya mbao vilivyopangwa pia. Gogo la mnazi linafaa zaidi likipasuliwa, upande bapa ukae chini. Likiachwa duara litabingirika. Juu yake weka kipande cha ubao au mpira wa tairi kuukuu, na hakikisha uzito hauikalii bomba la moshi wala nati ya kumwagia oili. Gunia la mchanga juu ya keria ya nyuma husaidia kuishikilia. Udongo wa Mkongani ukilowa wakati wa masika huteleza, na mchanga wa Diani na Msambweni humeza miguu ya stendi, kwa hiyo tandika ubao mpana chini kabla ya kupandisha.

Vilivyobaki ni plaizi, bisibisi ya nyota na ya bapa, grisi kidogo, kitambaa, na sinia ya kuwekea vitu. Sinia usiidharau. Kwenye ekseli kuna bushi na wosha vinavyoanguka gurudumu linapotoka, na bushi iliyopotelea kwenye majani saa mbili usiku ni kazi ya kesho. Vipange kwa utaratibu ule ule vilivyotoka.

Sasa kazi yenyewe. Legeza nati ya ekseli wakati gurudumu bado liko chini, kabla ya kuinua, ili usiitikise pikipiki ikiwa juu ya gogo. Kisha inua. Kwa breki ya ngoma, fungua nati ya kurekebishia breki, mara nyingi hufunguka kwa vidole, uchomoe waya na kuurudishia springi yake ili isipotee. Kebo za spidi, nyingine zimeshikwa na skrubu, nyingine zina pete unayoilegeza kwa plaizi. Ukiwa na breki ya diski, gurudumu likishatoka usibonyeze breki hata kwa utani. Chomeka kipande cha mbao nyembamba kati ya pedi, maana pistoni zikitoka itakuwa kazi ya fundi. Vumbi la ndani ya ngoma usilipulize kwa mdomo. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Pikipiki zinazobeba samaki ufuoni huwa na shida moja: chumvi inaila ekseli mpaka inagandamana na bushi zake. Tia dizeli au oili ya kulegezea kutu usiku, ukiangalia isiingie kwenye ngoma ya breki, kisha asubuhi rudisha nati mpaka usawa wa ncha ya ekseli na ugonge kwa kipande cha mbao. Nati ile inazikinga nyuzi zisiharibike. Ukigonga chuma kwa chuma, ncha itatanuka na haitapita tena. Wakati wa kurudisha, paka grisi ekseli nzima, nyembamba tu.

Kurudisha ndiko kunakohitaji subira. Kifuniko cha breki kina mfereji unaopaswa kuingiwa na jino la foku. Lisipoingia, siku utakayoshika breki kifuniko kitazunguka pamoja na gurudumu na kuligandisha ghafla. Ukikosea hapo, utaanguka. Gia ya spidi nayo ina masikio mawili yanayokaa kwenye nafasi zake. Zungusha gurudumu taratibu hadi yaingie, usiyalazimishe kwa spana. Kaza nati kidogo, rudisha waya wa breki na kebo ya spidi, shusha pikipiki, shika breki ya mbele huku ukisukuma usukani chini mara kadhaa ili foku zikae, halafu ndipo umalizie kukaza.

Kaza kiasi gani? Kwa nyingi ya pikipiki hizi, karibu Nm 50 inatosha. Spana yenye urefu wa sentimita 20 inakupa kiasi hicho ukiisukuma mwishoni kwa nguvu ya kilo 25 hivi, yaani nusu ya mfuko wa saruji. Kuikanyaga kwa mguu ni kupita kiasi. Kama nati yako ilikuwa na pini ya kuzuia isilegee, weka mpya. Waya wa uzio si pini.

Mwisho rekebisha breki hadi ncha ya mkono wake icheze sentimita mbili au tatu kabla ya kushika, kisha inua tena mbele, uzungushe gurudumu na usikilize kama kuna mkwaruzo. Usimalizie kazi hii magharibi kisha ukaingia njia ya kando ya msitu wa Shimba Hills kuijaribu: saa zile ni za ndovu, na si mahali pa kushuka kuchungulia nati. Ijaribu asubuhi, polepole, bila abiria wala mzigo. Ukifika Kwale mjini simama, chukua spana zako mbili, uikague nati ile mara moja tena kabla hujapakia mtu.