Darubini ibaki nyumbani: ndege wa Uvira wakati wa likizo kubwa

Shule zikifungwa Julai, sisi wa Bukavu wenye ndugu Uvira tunashuka na watoto. Siku za kwanza hazina shida: wanaoga, wanakula mikeke, wanalala hoi. Kisha linakuja lile swali la kila likizo: "Papa, leo tunafanya nini?" Kwetu jibu limekuwa ndege, maana hawadai kiingilio wala hawahitaji betri.

Nianze na darubini. Usiilete. Uvira ni mji wa mpakani, Bujumbura iko pale ng'ambo ya maji, na askari hawako mbali na ufuko. Mtu anayeelekeza darubini upande wa Burundi atajieleza mpaka giza liingie, na neno "ndege" halitamwokoa. Simu nayo usiielekeze kwenye bandari ya Kalundu wala kwenye kizuizi chochote. Wala hutapungukiwa na kitu: ndege wengi wa ziwa hili ni wakubwa, na wanakaa karibu na watu kwa kuwa watu ndio wenye samaki. Kabla ya kukaa mahali pasipokujua, jitambulishe kwa shefu wa mtaa au kwa wavuvi wenyewe. Ni adabu, na ndio watakaokuambia kama jana usiku kiboko alipita hapo.

Viboko si hadithi ya kutishia watoto. Jua likizama wanatoka kula majani, kwa hiyo nyinyi muwe mmeshaondoka. Mamba nao wapo, hasa kuelekea Ruzizi inapoingia ziwani. Gustave, yule mamba mla watu aliyevuma dunia nzima, alikuwa wa pande hizi. Watoto wakae mchangani, miguu isiwe majini. Maji ya kunywa yatoke nyumbani, yamechemshwa au yametiwa dawa, maana kipindupindu Uvira ni mwenyeji.

Sasa mwanga, jambo ambalo wageni hawalifikirii. Kila mtu amesikia kwamba ndege ni wa asubuhi, basi anakimbilia ziwani alfajiri. Lakini Uvira jua linachomoza juu ya milima ya Burundi. Ukitazama maji linakupiga usoni, na kila ndege ni kivuli cheusi tu. Asubuhi lipe ziwa mgongo. Tazama miembe na michikichi ya uani, ambako mnana wa manjano wanasuka viota vyao kwa kelele isiyo na aibu. Ziwa liache mpaka saa tisa alasiri, jua likiwa limepita nyuma yako upande wa Mitumba. Hapo rangi zote zinaonekana. Muda huo ni mfupi, kwa sababu mlima unalimeza jua mapema.

Asubuhi ya ziwani ninayoikubali ni ile ya mitumbwi inaporudi na ndagala. Mwewe wanazunguka juu, kunguru wenye kifua cheupe wanatembea kama wadai kodi, na nyange wanasubiri pembeni ndagala wakianikwa. Ila uliza kwanza kuhusu mwezi. Uvuvi wa taa unahitaji giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, wavuvi wanapumzika, na ufuko unakuwa mtupu.

Kama una saa moja tu, mpe mdiria yote. Namsema yule wa madoa meusi na meupe, anayekaa kwenye kamba za mitumbwi. Anaruka, anasimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga mbiombio lakini kichwa hakitikisiki hata kidogo, mdomo umeelekezwa chini. Kisha anajiachia kama jiwe. Samaki mkubwa kidogo atarudi naye kwenye kamba, ampigize pale kushoto na kulia mpaka alegee, ndipo ammeze kwa kuanzia kichwa. Aliye mdogo anaweza kummeza hukohuko hewani, ndiyo maana huweza kuwinda mbali na ufuko bila kutafuta pa kutua. Waulize watoto: dume au jike? Dume ana mistari miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja uliokatika katikati. Wakishalijua hilo hawanyamazi tena.

Kila mtoto mpe kaye na kalamu. Sheria yetu ni kuchora ndege anachofanya. Jina litatafutwa baadaye. Manati yanabaki kwa bibi, bila mjadala. Bibi mwenyewe anaona tumerukwa na akili, lakini ndiye anayejua mti wenye kiota cha fundichuma, lile rundo kubwa la vijiti, na hataki mtu akiguse.

Furukombe hana haja ya maelezo: kichwa cheupe, na sauti inayosikika kabla hujamwona. Mwenye kutaka zaidi ataulizia delta ya Ruzizi. Huko, ukibahatika, kuna ndege ambaye mdomo wake wa chini ni mrefu kuliko wa juu. Anaruka chini kabisa, akiukata uso wa maji kwa mdomo huo mpaka uguse samaki. Upande wa Burundi delta ni hifadhi ya taifa, na iko kwenye orodha ya Ramsar tangu 2002. Usiende bila mtu wa huko, na uliza hali ya usalama siku ileile, si ya jana.

Jioni, mlima ukiwa mweusi, waambie watoto kuhusu Itombwe, huko juu nyuma ya mji. Mwaka 1951 alipatikana huko bundi mmoja ambaye sayansi haikumjua, akapewa jina la mtaalamu wa ndege Alexandre Prigogine. Hakuthibitishwa tena mpaka 1996, aliponaswa mwingine kwenye wavu wa watafiti, kisha akaachiwa.

Na msiwatafute mbayuwayu wa Ulaya katika likizo hii. Julai wako kwao wanalea makinda. Wanaowataka hao, pamoja na vitwitwi wa matopeni, waje Noeli.